Laini Iliyokatika Usingizini

Ofisini walimwita Waya, na jina likamkaa, maana alikuwa mwembamba na alishinda chini ya meza za watu akifuata nyaya. Kazi yake ilikuwa kuziuguza kompyuta. Uliomchosha zaidi ni ugonjwa wa Jumatatu. Mtu huilaza mashine Ijumaa bila kuizima, nayo ikiamka hujiona ingali pale pale ilipoishia. Inaonyesha imeunganishwa, inaita mtandaoni kwa anwani yake ya zamani, kumbe upande wa pili walishakata laini na anwani wamempa mwingine. Yenyewe huita tu, ikangoja, ikaita tena. Karani wa masijala akilalamika kwamba amerogwa, Waya humwambia uchawi haupo: itoe mtandaoni, iunganishe upya, ijue dunia ilivyo leo.

Basi mama yake naye akaamka.

Kiharusi kilikuwa kimemlaza hospitali wiki kadhaa bila fahamu. Katikati ya wiki hizo baba yao, aliyekuwa hamwachi mgonjwa wake, alianguka bafuni akafa, wakamzika huku mkewe hana habari. Mama alipofumbua macho, la kwanza lilikuwa kumuulizia mumewe.

Dada mkubwa alidakia kwamba amesafiri. Waya alikasirika. Wakiwa koridoni alimkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi: leo amesafiri, kesho gari limemwacha, keshokutwa je? Dada akamjibu kwamba yeye kazoea vyuma, na mama si chuma. Wakanuniana mpaka mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Waya akahamia kwake kumuuguza.

Asubuhi ya kwanza mama aliuliza tena. Waya aliketi kitandani, akamshika mkono uliobaki na nguvu, akamwambia. Mama alilia kilio cha kukata maini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mlimvalisha lile koti la kahawia?"

"Ndiyo, mama."

Akashusha pumzi. Waya, pamoja na uchungu wote, alijiona mshindi, akampigia dada yake simu kumweleza kwamba ukweli umepokelewa.

Kesho yake mama aliamka, akapapasa upande wa pili wa kitanda, akauliza baba yao yuko wapi. Waya alimwambia upya. Kilio kilikuwa kilekile, kibichi, na koti likaulizwa vilevile. Daktari alieleza kwamba mambo mapya hayatakaa tena kichwani mwake. Akilala yanafutika, anaamkia pale alipoishia kabla ya kuugua. Asubuhi iliyofuata Waya alimuua baba yake kwa mara nyingine, kwa maneno yaleyale.

Siku hiyo karani alimwita, mashine imeamka na wazimu wake. Waya alisimama akiitazama inavyoita, inangoja, inaita. Hakuigusa. Karani akauliza kulikoni, mbona leo fundi kaganda.

"Iache kidogo," alisema.

Kulipokucha, mkono wa mama ulipapasa shuka tena. Waya aliweka kikombe cha chai juu ya stuli. Alimwonea haya hata dada yake ambaye hakuwepo.

"Baba yenu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, mama."

"Na baridi yote hii? Amevaa koti?"

"Amevaa, mama. Lile la kahawia."