Sweta Yenye Mkono Mwekundu

Kaka yangu Volkert alizaliwa hapa Enkhuizen, Uholanzi, nyuma ya soko la samaki, mwaka ambao bahari ilibomoa ukuta wa bandari. Sitamsifu kupita alivyokuwa kwa sababu tu namlilia. Alikuwa na mdomo mchafu na alipenda bia. Lakini akiwa nyumbani, mama hakuwahi kumwomba kuni mara mbili.

Safari yake ya kwanza ya Mashariki alirudi amenenepa, ananukia karafuu. Mezani akatusimulia jinsi walivyoshushwa wakiwa na mashoka kwenye kisiwa ambacho wenyeji wake waliwauzia karafuu wafanyabiashara wa taifa jingine. Wakaikata mikarafuu yote, iwe adhabu.

"Kuna mzee aliukumbatia mti kama mke wake, Reinou! Ikabidi tumbandue yeye kwanza, ndipo tuukate."

Alicheka mpaka akapaliwa na uji. Mama akaweka kijiko chini.

"Na wale watu watakula nini?"

"Mama naye! Si wana samaki? Kwani sisi tunakula miti?"

"Kamwombe Mungu msamaha, Volkert."

"Nitaomba, mama. Acha nishibe kwanza."

Sijui kama aliomba.

Alipokuwa akijiandaa kwa safari ya pili nilimfumia sweta. Sufu ya buluu iliniishia kwenye mkono wa kushoto, nikaumalizia kwa nyekundu. "Umenifanya kasuku," alisema, akaivaa hivyo hivyo.

Kwenye meli zetu baharia akifa, nguo zake hunadiwa chini ya mlingoti na wenzake huzinunua. Ndiyo maana meli zikirudi, wanawake wa mji huu hutazama nguo kabla ya sura. Siku ile gatini niliuona mkono mwekundu ukishuka ngazi, nikakimbia. Nilipoinua macho, sura ilikuwa ya Outger, mtoto wa msokota kamba.

"Usinikodolee macho, dada. Nimeinunua kihalali, mlingotini."

"Alikufa lini?"

Akajikuna shingo. "Hapo ndipo pagumu. Tulipoinadi alikuwa bado anatupungia mkono."

Akanieleza. Upepo uliwaishia, maji yakapungua, na Volkert akakamatwa akinyonya maji ya pipa kwa mrija. Nahodha akamshusha kisiwani na kidumu cha maji, mkate mkavu na Biblia.

"Kisiwa gani hicho?"

"Mawe na ndege tu. Hakuna mti hata mmoja. Nahodha akasema yule ni maiti anayetembea, basi tukanadi vitu vyake pale pale. Volkert anaruka ufukweni kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Watu walicheka. Hata mimi, sikufichi."

Kanisani kwetu marehemu haombewi, maana amekwisha kufika mbele ya Hakimu wake. Wanaoombewa ni walio safarini, na mchungaji huwasoma kwa majina. Nahodha ni mzee wa kanisa, na alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwamba Volkert amekufa. Mchungaji Hillebrand akaja kwetu, akavua kofia.

"Mama Lobberich, Jumapili nitaliondoa jina la Volkert."

"Nani kamzika?"

"Mama, mwaka umepita sasa."

"Mchungaji, nimeuliza nani kamzika."

Mchungaji akaizungusha kofia mikononi.

"Basi msome," mama alisema.

Hakumsoma. Jumapili ile alitoka kwenye jina la Sijmen akaenda moja kwa moja kwenye la Wiggert. Mama akasimama, akalitamka jina la mwanawe mwenyewe, kwa sauti. Nahodha aligeuka kwenye kiti chake cha mbele, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Keti, mama. Kisiwa nilikichagua mwenyewe. Pale hatoki mtu."

Watu wakakohoa. Mhudumu wa kanisa akamshika mama kiwiko na kumtoa nje, na nyimbo zikaendelea.

Baridi ilipoingia, Outger alibisha hodi. Kiwiko cha mkono wa buluu wa sweta kilikuwa kimepasuka.

"Rangi hii sijui nitaipata wapi, ndiyo maana nimekuja kwa fundi wake," alisema. Kisha akatutazama mimi na mama, akapunguza sauti. "Au ichukueni tu, iwe ukumbusho. Sitaki kitu."

Nilikwisha kunyoosha mikono.

"Usiipokee," mama alisema kutoka jikoni. "Ukumbusho ni wa wafu. Vua, Outger. Reinou atashona, nawe utaivaa na kuitunza. Mwenyewe akirudi atakuvua."

Outger akacheka. "Haya, mama." Alipoona mama hacheki, akaivua, akaketi mlangoni na shati tu, akitetemeka kwa baridi.

Nikashona kwa uzi mwekundu, kwa kuwa wa buluu hatukuwa nao. Outger akaivaa, akaenda zake kunywa.

Mama tulimzika kabla ya Pasaka. Sasa mchungaji anapotoka kwa Sijmen kwenda kwa Wiggert, mimi ndiye ninayelitia jina katikati, kimoyomoyo. Kama ninamwombea maiti, Mungu anisamehe. Namwombea mvua. Kisha namwombea msamaha kwa ajili ya yule mzee na mkarafuu wake, maana sidhani kama Volkert aliwahi kushiba akaomba.