Mkaguzi na Viatu Vyake

Mkaguzi wetu wa maji ana mikono laini na sauti ya kubembeleza mgonjwa. Kila akija, huchota sampuli mtoni, juu kabisa kabla ya bomba la taka la kiwanda, ambako samaki bado wanaogelea, kisha huinua chupa juani na kuisifu: "Safi kabisa." Huku chini kwetu, mto una rangi ya wino, ila yeye hafiki ukingoni, eti njia inateleza. Jana aliteleza huko huko juu. Akapita kwetu kuelekea garini, viatu vyake vya kung'aa vimejaa tope. Mama mdogo akamsogezea ndoo ya maji.

"Osha, mwanangu."

"Mmeyachota wapi haya, mama?"

"Hapo bomba linapomwaga. Si uliyapitisha?"

Mkaguzi akarudisha miguu nyuma taratibu.

"Acha tu, mama. Tope likikauka litapukutika lenyewe."