Chuo Kizima Kilisimama

Yawa, nyinyi ni watu gani?

Jana bwenini tulikubaliana: Mkuu wa chuo akiuliza kuhusu chakula, tunasimama sote kulalamikia maharagwe yenye wadudu. Okoth wa kisiwani Takawiri ndiye aliyepiga kelele zaidi. "Uhuru tumepata, tunaogopa nini?"

Leo mezani Mkuu akauliza, "Nani ana malalamiko?"

Nikasimama.

Peke yangu!

Nyinyi mnatazama sahani.

Halafu Okoth akainuka. Nikashusha pumzi.

Akafumba macho, akaanza kumshukuru Mungu kwa chakula.

Hapo ndipo mkasimama wote. "Amina!"

Mkuu akatabasamu. "Vizuri. Naona chuo kizima kimeridhika."

Sasa mnakuja kuninong'oneza eti mimi shujaa.

Kalamu hii hapa kwenye ubao wa matangazo, nimeifunga kwa uzi. Andikeni hayo chini ya barua hii, na majina yenu.

Mimi ni Odhiambo, na bado nina njaa.