Jina la Mwana wa Pili

Kwetu Butembo mtoto hatafutiwi jina. Analikuta likimsubiri. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vivyo hivyo, na majina hayo ni yaleyale katika kila nyumba ya Wanande, kwa mwenye duka kubwa na kwa mkulima wa viazi. Jina la ubatizo huja baadaye. Hilo ni la padri na la shule. La tumbo, la zamu ya kuzaliwa, ndilo la nyumbani.

Kwa hiyo jioni, baridi ikishuka na moshi wa kuni ukilala juu ya mabati, mama mmoja akisimama mlangoni kumwita mwanawe wa pili, wana wa pili wa mtaa mzima waliitika. "Wa nani?" walipiga kelele, wakicheka. Huo ulikuwa mchezo tu. Kila mama alikuwa na namna yake ya kuita. Mama yetu aliivuta silabi ya mwisho na kuipandisha, kama mtu anayejitwika ndoo ya maji, na popote alipokuwa kaka yangu aliijua sauti hiyo. Alijibu kwa mluzi. Mama alijifanya kukasirika: "Mimi nimezaa mutoto ao ndege?"

Kaka alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akishusha viazi na vitunguu kutoka milimani hadi sokoni. Ilikuwa miaka ya vita. Askari wa kundi moja walitoka mjini, wa kundi jingine wakaingia, nasi tulijifunza kutouliza walikuwa wa nani. Siku moja wanajeshi waliochoka kubeba mizigo yao walimnyang'anya chukudu njiani. Alirudi nyumbani na kamba ya kufungia mzigo, basi. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akakaa akiitazama, na chakula chake kikapoa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mwandikishaji wa jeshi alikuja kwenye uwanja wa mpira. Hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilijaa Lingala, viatu vyake vilikuwa vipya, na alikuwa na uso mwema, ule uso wa mjomba anayefika na zawadi. Nilikuwa hapo na beseni la mandazi kichwani, kaka mbele yangu.

"Batoto ya Butembo," alisema, na askari aliwaita basoda, "munalima, basoda banakula. Munasukuma, basoda banabeba. Muko bajinga?"

"Lakini chef, na weye uko soda!" mmoja alimrushia kutoka nyuma, akimwita mkuu kwa Kifaransa. "Unakulaka yetu!"

"Njo maana minakuita, leki, mudogo yangu. Kuya tukule pamoja."

Uwanja ulicheka. Kisha akamnyooshea kaka kidole. "Weye na mabega kama mulango ya kanisa. Jina?"

Kaka alisimama wima, akataja jina lake la ubatizo.

"Ile ni ya padiri. Muachie padiri. Risasi inajua batakatifu? Jina ya nyumbani!"

Kaka akalitaja. Kijana aliyemfuata akataja lilelile. Wa tatu naye, lilelile. Mwandikishaji alikunja uso.

"Munanichekelea? Munaniona kichwa ya mbuzi?"

"Hapana, chef," kaka akamwelezea kwa adabu. "Sisi bote ni ba pili."

"Ba pili ya nini?"

"Ya tumbo, chef. Kila mutu kwa mama yake."

Mtu yule alifikiri kidogo, halafu akacheka mpaka akashika kiuno. "Bon! Ni muzuri sana. Nikipoteza moja, niko na ingine."

Uwanja mzima ulicheka naye. Kaka pia alicheka. Nakumbuka meno yake.

Waliotaja majina walipandishwa kwenye lori mchana uleule. Kaka aliinama kutoka juu, akanipa shati lake la misa, amelikunja vizuri. "Umwambie Mama asikasirike. Nitarudi na viatu." Nilimwambia ashuke amwambie mwenyewe. Alinitania kwamba mandazi yangu yanapoa.

Papa, baba yetu, alikuwa Kyavinyonge, ziwani, akinunua samaki. Mama hakumngoja. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda mpaka nyumba ya mfanyabiashara alikopanga mwandikishaji, nami nyuma yake. Tulimkuta akinyolewa ndevu uani.

"Nimekuya juu ya mutoto yangu," Mama alisema.

"Mama, batoto ni ya inchi."

"Inchi ilibeba mimba yake siku gani?"

Kinyozi aliinua wembe hewani, akingoja. Mwandikishaji alitabasamu, hakuchukia. Alizungumza kwa upole, na ni upole huo ambao mpaka leo siwezi kuusamehe.

"Mama, usilie. Bako Beni, kwa camp. Enda kwa mulango, uite jina yake. Akitaka kurudia, arudie. Hatufunge mutoto ya mutu."

Mama alimshukuru. "Wasingya," alimwambia kwa Kinande, neno ambalo mtu yule hakulijua, na akamwinamia.

Usiku ule alisonga obundu, ugali wetu wa muhogo, akaufunga kwa majani ya mgomba, akachoma samaki wa mwisho aliyebaki kutoka mzigo wa Papa. Asubuhi tulipanda juu ya lori la maharage. Barabara ilikuwa matope na mashimo, na kadiri tulivyoteremka kuelekea Beni joto lilizidi, Mama akivua sweta, kisha kitenge cha juu, akikihamisha kikapu cha chakula kutoka paja moja hadi jingine. Alikuwa akijaribu sauti yake chini chini. Nilidhani anasali.

Mlango wa kambi ulikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mlinzi alikuwa kijana anayetafuna muwa. Mama alimsalimia, akampa jina la ubatizo la kaka, akitumaini.

"Hapa hatuna batakatifu, Mama."

Ndipo akataja jina la nyumbani. Mlinzi alitema kapi la muwa. "Ile? Aa, ile njo tuko nayo mingi." Akageukia kambi, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu zote. "Mama yako amefika!"

Walikuja wakikimbia. Walitoka nyuma ya mahema, jikoni, chini ya miti ya kakao iliyopakana na kambi, wengine pekupeku, wengine katika makoti ya jeshi yaliyowafika magotini, mmoja na mwiko mkononi. Kila mmoja alikuwa amesikia jina lake, na kila mmoja alikuwa amesikia kwamba mama yake amefika. Niliziona nyuso zao zikija. Kisha niliziona zikimfikia Mama, moja baada ya nyingine, na kuzimika.

Hawakurudi ndani. Walisimama palepale nyuma ya ule mti. Mama aliwatazama wote, akarudia tena, kama mtu anayechambua maharage asiyeamini macho yake.

"Haiko?" mlinzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Baba, acha niite mimi mwenyewe. Mara moja tu. Akisikia, atajua."

Mlinzi alitazama huku na huku, akasogea kando. Mama aliweka kikapu chini. Aliita kama alivyoita mlangoni kwetu jioni, akiivuta silabi ya mwisho, akiipandisha, na sauti ikapita juu ya mahema mpaka upande wa pili. Tulisikiliza. Vijana wote walisikiliza pia. Jogoo aliwika mahali fulani. Mluzi haukuja.

Yule mwenye mwiko ndiye aliyesema, bila kuinua macho. "Mama, ule wa kupiga mluzi? Wa mabega? Bamepandisha yeye na bengine kwa lori jana usiku. Barabara ya Ituri."

"Jana," Mama alisema.

"Jana, Mama."

Mama alikaa chini palepale. Alifungua majani ya mgomba, akaanza kumega obundu, akimtilia kila mmoja kipande cha samaki juu, mpaka na mlinzi. Walikula wamechuchumaa, wakisema "wasingya" kama watoto waliolelewa vizuri, maana walikuwa hivyo. Mwenye mwiko hakula. Alishika kipande chake mkononi.

"Mama yangu iko Mutwanga," alisema. "Hajue niko hapa."

Mama alimtazama. "Anakuitaka namna gani?"

"Anavuta mwanzo. Mwisho anaikata."

Mama akasimama, akapangusa mikono, akamwita hivyo, akivuta mwanzo, akikata mwisho. Kijana aligeuza uso. Kisha akaitika, kwa sauti ndogo: "Yee, Mama." Mlinzi akasema inatosha, sasa muende.

Kaka hakurudi, na hakuna aliyetuambia lolote. Papa aliendelea kwenda ziwani. Kamba ilibaki kwenye msumari.

Tuna mdogo wetu wa kiume, wa tatu. Kwetu jina halisogei. Wa pili akikosekana, wa tatu habadiliki kuwa wa pili, na hivyo kila mara tulipomwita mdogo wetu tulikuwa tunasema kwamba yupo mmoja mbele yake. Mama alimwita kwa sauti fupi, bila kuvuta popote.

Miaka ikapita, vita vikawa vya makundi mengine, na mwandikishaji mwingine akapita mtaani kwetu. Huyu alikuwa amekaa kwetu muda mrefu, alizijua desturi zetu. Alimkuta mdogo wetu akipasua kuni uani, akamuuliza jina, naye akajibu.

"Aa, wa tatu," mtu yule alisema, akifurahia ujuzi wake. "Na wa pili iko wapi?"

Mama alitoka jikoni, akasimama kati yao, moshi ukimfuata.

"Nyinyi njo nilikuwa nawangojea," alisema. "Muniambie."