Mshauri Aliyechoshwa na Misiba

Mshauri wa wanafunzi hutafuna vidonge vya kiungulia kama njugu, na kalamu yake nyekundu haisahihishi, inafyeka. Insha za kuombea chuo zimemrundikania mezani, karibu kila moja na bibi aliyekufa akaacha funzo. "Mabibi wa jimbo zima la Ohio wataisha jamani," hunung'unika, huku akifuta miwani kwa ncha ya tai na kuizidishia uchafu. Kwa hiyo Janelle, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hakumgusa bibi yake. Katika insha yake alimfukuzisha baba yake kazi. Insha ilitakiwa siku hiyo saa kumi alasiri, na chuo alichokitaka kilikuwa hicho kimoja tu.

"Baba yako nilimwona Jumamosi akivuta boti mpya kwa gari," mshauri alisema bila kuinua kichwa. "Amefukuzwa lini, jana?"

"Sasa nitaandika nini, mwalimu? Sisi hatuna shida yoyote!"

"Poleni sana. Wewe Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwa babu. Namkata kucha za miguu kila wiki, kisukari kimemharibu macho. Usinicheke."

"Nina nguvu za kucheka mimi? Unaanzia mguu gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia madaktari walishaukata."

Mshauri akaacha kutafuna. Akainuka kwa kuegemea meza, akaufungia mlango msururu mzima uliokuwa ukimsubiri nje, akamsukumia Janelle karatasi tupu.

"Lakini hizo ni kucha tu, mwalimu."

"Ndiyo. Ziandike hivyo hivyo, binti, kabla hujapata akili ya kuzipamba."