Kidonge Cheupe cha Jirani

Mke wangu alianguka katikati ya maharage, jembe bado mkononi. Nilipomgeuza, mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alitaka kunitukana kama kawaida yake. Sauti haikuja.

Sikusoma mingi, lakini hili nitaliandika.

Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, kutoka Kivu ya Kusini, sisi wawili na sufuria moja. Desturi yetu pale: kinachoingia nyumba hii, jirani ana fungu lake. Chumvi, moto, hata dawa. Jirani yetu, mzee mjane, alikuwa amewahi kupooza mguu. Daktari wa Mbarara alimpa aspirini, kidonge kidogo cheupe, damu isigande tena. Mke wangu alikuwa na presha, na vidonge vyake vingine vya kila siku.

"Papa, yako inasaidia?" mke wangu alimuuliza mzee siku moja.

"Mama, si unaona natembea? Kamata moja."

Akakimeza kwa kicheko, kama anaonja mboga ya jirani.

"Sasa unaniacha kwa huyu mzee?" nikamtania.

"Yeye hakoromi!"

Lakini niliogopa, nikaenda kumuuliza muuza dawa wa pale sokoni, yule wa koti jeupe. Wiki ile dawa ya presha ilikuwa imemwishia dukani.

"Mzee, hii nyeupe ni sawa na ile. Inalainisha damu, presha inashuka yenyewe. Ile ingine muache," akaniambia.

Nikaliamini koti. Nikampelekea mke wangu hizo nyeupe kwa mkono wangu huu, akaacha ile ya presha.

Kule Mbarara, baada ya kuanguka kwake, daktari alinieleza polepole. Aspirini inamfaa mtu kama yule mzee, ambaye damu ilishamganda. Presha haiishushi. Na presha ikiachwa juu, mshipa ukapasuka kichwani, aspirini inafanya damu ichelewe kusimama.

Mke wangu alipona nusu. Ninamsuka nywele mimi, vibaya, naye anavumilia. Neno lake la kwanza, baada ya miezi, alilisema akinitazama nikiamka: "Unakoroma." Nililia kama mutoto.

Yule mzee simlaumu. Alitoa alichokuwa nacho. Nawe wa koti jeupe, bado unauza. Jumatatu nakuja na mke wangu, ameshika bega langu. Mimi usinijibu. Mtazame yeye usoni, umwambie: kwa nini ulimwachisha dawa yake?