Beseni la Mama Amisa

Faridah wa Kabambare, muuza vitenge, alitolewa uvimbe kumi na moja katika mji wa mimba. Idadi twaijua kwa sababu munganga wa hospitali kule Kasongo aliwaletea jamaa beseni waone kwa macho yao, wasije wakasema kampasua bure. Mama mkwe, Mama Amisa, aliinama akahesabu mmoja mmoja, kama achaguaye nyanya sokoni.

"Kizazi nimeacha," munganga akasema. "Atabeba. Lakini tumbo likibadilika, arudi tumupige eko, mashine ituonyeshe ndani."

Faridah alitaka mtoto kuliko macho yake. Mumewe, Iliasi, alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, akija nyumbani mara mojamoja, na watu, midomo haina kazi, walisema huko ana mwanamke wa kumpikia.

Mwaka na nusu baadaye tumbo likainuka. Damu yake tangu operesheni ilikuwa ya kuja na kupotea, haikumwambia kitu.

"Mama, nazani nimebeba," akasema.

Mama Amisa akalibonyeza. "Iko ngumu. Hata ile ya kwanza ulisema mimba, tukashona nguo, mutaa muzima ukatucheka. Umesahau?"

Hakusahau. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

"Basi twende Kasongo kwa eko."

"Na mvua hii, juu ya pikipiki? Wakupasue tena? Huo uvimbe nitakuyeyushia mimi."

Mama Amisa hakuwa mchawi, na hilo ndilo linaloniudhi. Alichimba mizizi mwenyewe, akaichemsha, akaipoza kwa pumzi yake, akamnywesha asubuhi tatu. "Kunywa, binti yangu, njia isafishike, tupate mutoto."

Siku ya nne, mchana, uchungu ukamshika. Mama Amisa akaleta beseni. Yalipokwisha kutoka yaliyotoka, akachuchumaa ahesabu, kama kule Kasongo. Hakufika mbali.

"Iko ngapi, mama?" Faridah akauliza kutoka mkekani.

"Moja." Akavuta kitenge kufunika.

Faridah akakishika kitenge kabla hakijafika. Alikuwa mtoto wa kiume, mdogo kama kiganja, vidole vyake vyote vimetimia.

Mama Amisa alimzika nyuma ya jiko, akanawa mikono, akampigia Iliasi simu.

"Uvimbe umerudia," akamwambia mwanawe. "Huyu hatazaa. Oa yule wa huko."

Faridah alikuwa palepale mkekani, akisikia yote.